Albamu Tuliyorekodi kwa Daktari wa Meno

Nyinyi mnaopiga vinanda vya siku hizi, vyepesi kama sinia, mnavyovibana kwapani mkapanda navyo pikipiki, nataka mjue kwamba yuko mtu mmoja ambaye muziki wake ukisikika watu hushika mashavu. Mtu huyo ni mimi.

Sitanii. Siku moja nilikuwa sokoni Mahajanga, kwenye duka la redio, mwenye duka ananionyesha kinanda kilichotumika. Nilikuwa sijapiga kwa miaka mingi, ila vidole vina ujinga wao. Vikaanza vyenyewe wimbo wangu wa zamani, taratibu, sauti ya chini. Mama mmoja aliyekuwa akichagua betri akaacha kuchagua. Akaweka kiganja kwenye taya, akafumba macho.

"Mungu wangu," akasema, "jino langu."

"Linauma, mama?"

"Lilishang'olewa zamani. Lakini huo wimbo, bwana, huo wimbo..." Akaondoka. Betri hakununua.

Sababu ni hii. Katika maisha yangu ya kupiga piano hotelini nilirekodi kaseti moja tu, *Kahawa ya Saa Kumi*. Haikuuzika. Lakini nakala moja iliangukia mikononi mwa daktari wa meno wa Mahajanga, Daktari Solofo, akaipenda. Akaiweka kwenye redio ya chumba cha wagonjwa wanaosubiri, na hapo ikakaa, asubuhi na alasiri, miaka nenda miaka rudi. Nusu ya mji ilinisikiliza ikiwa na jino bovu. Wapigaji wengine wanakumbukwa kwa harusi za watu, kwa mapenzi ya watu. Mimi nilikumbukwa kwa magego.

Niwaeleze kwanza Kiswahili changu, maana najua mtauliza. Nilikipata Mombasa, nilikokaa miaka mitatu kwa mjomba nikiwa kijana. Nyumbani Mahajanga tulisema Kingazija na jamaa wa baba, Kimalagasi na jamaa wa mama, Kifaransa na karani wa ofisi. Maneno ya watu humu nimeyageuza mwenyewe. Msije mkadhani Jaotombo, mwenzangu mtakayemsikia mbele, aliwahi kusema Kiswahili. Jaotombo hata Kimalagasi chake alikitumia kwa kubana, kama mtu anayeweka akiba ya sukari.

Lakini nianze na Nosy Be, kisiwa kilicho kaskazini mwa Mahajanga. Nilifika kule mwishoni mwa miaka ya sabini. Watu wetu wengi wenye asili ya Ngazija walikuwa wameondoka Mahajanga baada ya machafuko yaliyowalenga. Sisi tulibaki kwa sababu mama alikuwa Msakalava, mwenyeji wa pale, na baba alikuwa mkaidi. Mimi nikatafuta kazi kisiwani, nikapata hoteli moja ya ufukweni iliyokuwa na piano ya umeme na mpigaji mmoja, Madamu Hortense, mwanamke wa miaka sitini. Asubuhi alipiga kinanda kanisani, mchana alipiga hotelini. Vidole vilikuwa vimeanza kumkaza, akataka msaidizi. Ami yangu, ambaye alikuwa imamu, aliposikia nafundishwa na mpiga kinanda wa kanisa, alifikiri sana, kisha akasema, "Haidhuru. Labda huko watakufundisha kukaa kimya."

Na kweli nilifundishwa hivyo. Siku yangu ya kwanza nilipiga kila kitu nilichokijua, mikono yote miwili, kama naondoka na gari lanisubiri nje. Madamu Hortense alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake. Nilipomaliza akaniuliza, "Umeusikia ule uma?"

"Uma gani, Madamu?"

"Wa yule bwana wa meza ya tatu. Umegonga sahani. Kama wewe hukuusikia, basi na yeye hakumsikia mkewe akiongea. Na asipomsikia mkewe, mkewe atakasirika, na kesho watakula hoteli nyingine."

Hiyo ndiyo jazi laini, wanangu. Wengine wanadhani ni muziki wa watu wavivu. Meneja wetu aliuita "muziki wa kusagia chakula", na hakuwa akitusifu. Lakini ni kazi ngumu. Lazima upige huku unasikiliza vijiko. Watu wakiacha kutafuna, umezidisha sauti. Wakianza kutafuta chumvi wakati chumvi iko mbele yao, umezidisha huzuni. Wakiitana kwa majina ya utani, hapo umepatia, usiguse kitu.

Madamu alinifundisha pia kutunza chombo kwenye hewa ya bahari. Usikifunike kwa plastiki, kitatoka jasho ndani. Kifunike kwa kitambaa cha pamba. Weka soksi yenye mchele mkavu, inyonye unyevu, na soksi ya pili yenye karafuu, mende hawaipendi. Ufunguo ukigongagonga, kata kipande cha mpira wa kandambili, bandika chini yake. Miaka ile madukani sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafuta, sembuse kipuri cha piano ya umeme.

Kuna jambo moja ambalo hakunifundisha, nililivumbua mwenyewe. Spiriti ya kusafishia ilikuwa imekwisha, na kisiwani kote hakuna. Nikajiambia, mafuta ni mafuta. Nikasafisha nyaya za ndani kwa mafuta ya langilangi, yanayokamuliwa kule Nosy Be kwa ajili ya manukato. Piano ikanyamaza siku nne. Ilipopona, kila ilipopata joto ilinukia kama chumba cha bibi harusi. Wageni wazee wakawa wanaomba meza ya mbali. Mashemeji wawili wasiosemeshana walipatana pale pale mbele yangu. Madamu Hortense hakunigombeza. Alivuta pumzi tu, akasema, "Momo, sasa unawasagia chakula hata puani."

Momo ndilo jina nililopewa hotelini. Jina langu ni Mahamudu.

Jaotombo alikuja mwaka wa pili. Alikuwa mtu wa Katsepy, ng'ambo ya ghuba ya Mahajanga, mrefu hata akiingia mlangoni anainama, mpiga gitaa la besi. Kidole chake kimoja kilikuwa sawa na viwili vyangu. Alipiga noti chache, na kila moja ilikaa pale ilipotakiwa kukaa, kama mtu anayepanga matofali. Ni yeye aliyenionyesha kwamba nyuzi za besi zikichoka hazitupwi. Unazichemsha dakika kumi, zinatoa uchafu, zinarudia sauti. Ubaya ni kwamba alizichemshia kwenye sufuria ya supu ya hoteli, na mpishi alikuwa ndiyo kwanza ametoka kutafuta kijiko. Siku ile wageni waliisifu supu. Jaotombo aliinua bega moja tu.

Tulipiga pamoja miaka kumi na kidogo. Kaseti ile tuliirekodi sote wawili Antananarivo, kwa siku mbili. Tulikula pamoja, tuliugua malaria pamoja, Jumatatu tulivuka kwenda kisiwa kidogo cha jirani, Nosy Sakatia, kulala kivulini na kutosema kitu. Alinishikia mwanangu wa kwanza kabla mimi mwenyewe sijamshika. Nawaambia haya ili muelewe ubaya wa jambo ninalotaka kusema sasa.

Abiria mmoja wa mashua ya starehe aliniuzia kinanda kipya. Kilikuwa na ngoma ndani yake, na kilikuwa na besi ndani yake. Unabonyeza ufunguo mmoja kwa mkono wa kushoto, besi inakwenda yenyewe. Nilikuwa na furaha kama mtoto. Nikakionyesha hotelini mchana, watu wakapiga makofi. Meneja akaja, akakitazama kinanda, akamtazama Jaotombo, akaniuliza mbele yake:

"Kwa hiyo huyu mwenzako ni wa nini?"

Nilijifanya natafuta kibonye. Najua nilikitafuta kwa muda mrefu, kwa sababu nilipoinua kichwa meneja alikuwa ameshaelewa ukimya wangu alivyotaka, na Jaotombo alikuwa ameinama anachomoa waya wake. Aliukunja vizuri, duara kwa duara, hakuutupa. Akabeba gitaa lake akatoka. Jioni hiyo alipanda boti.

Mashine ile ilimlipizia Jaotombo kisasi kabla ya miezi mitatu kwisha. Mwenye hoteli alifariki Ulaya, mjane wake akaja na watu wake, chakula cha mchana cha heshima kikaandaliwa. Katikati ya chakula mjane akasimama, nguo nyeusi, akaomba dakika moja ya kimya. Watu wote wakasimama. Mimi nikasimama. Katika kusimama, kiwiko changu kikagusa kinanda.

Ikaanza cha-cha-cha.

Nikabonyeza kuzima, ikageuka samba. Nikabonyeza tena, ikawa gwaride la kijeshi, na baragumu. Nikachanganyikiwa, nikabonyeza vyote, ikaongeza mwendo. Katoto kamoja ka wageni kakaanza kucheza, na baba yake, ambaye naona alikuwa amekunywa, akaanza kukapigia makofi. Hatimaye nikang'oa waya ukutani, pamoja na kipande cha ukuta. Dakika ilikuwa imekwisha. Mjane akanishukuru kwa Kifaransa kizuri sana. Nilifukuzwa kabla ya matunda kuletwa.

Nikarudi Mahajanga na mke wangu Echati, tukakaa mtaa wa Mangarivotra. Nikafungua kibanda cha kutengeneza redio na mapangaboi. Kinanda sikukigusa tena. Watu walidhani ni aibu ya cha-cha-cha, nikawaacha wadhani. Ukweli ni kwamba kila nilipotaka kuweka mkono wa kushoto juu ya funguo, ulikuwa ukijua ulichofanya. Katsepy iko ng'ambo tu, feri inakwenda na kurudi, nilikuwa naiona nikipunga upepo baharini. Miaka karibu ishirini sikuipanda.

Sasa, Daktari Solofo. Asubuhi moja alikuja kibandani kwangu na koti lake jeupe, ameshika redio ya kaseti kama mtu aliyeleta kuku mgonjwa. Redio ilikuwa imeitafuna *Kahawa ya Saa Kumi*. Tepu imetoka nje, imekatika vipande.

"Momo," akasema, "nipe nakala nyingine."

"Sina, daktari."

"Haiwezekani. Wewe ndiye mwenyewe."

Nikamweleza. Nakala yangu ya mwisho Echati aliipeleka shambani kwa dada yake, wakaitandaza tepu juu ya mpunga, itetemeke na upepo ifukuze ndege. Ndege hawakuogopa. Shemeji anaapa kwamba wengine walikaa juu yake wakasinzia.

Daktari hakucheka. "Sikiliza. Tangu wiki iliyopita wagonjwa wangu wanasikia mashine ya kutoboa. Zamani walikuwa hawaisikii. Jana watatu waliinuka wakaondoka, mmoja na kitambaa changu shingoni. Nimejaribu redio ya taifa, ikasomwa habari ya ajali. Itabidi utengeneze nyingine."

"Kaseti?"

"Siku hizi si kaseti. Mpwa wangu Nirina amerudi kutoka mji mkuu, amesomea mambo ya sauti, ana kompyuta na vipaza sauti viwili. Chumba ninacho. Chumba changu cha kazi nimekizungushia sponji ukutani, na mlango nimeuvika ngozi, ili walio nje wasisikie walio ndani. Mahajanga nzima hakuna chumba kimya kama kile. Jumapili ni chako."

Nikasema nitafikiri. Nikafikiri hadi chakula cha mchana, nikamwambia Echati kwamba nimekataa. Mke wangu hakuacha kupepeta mchele.

"Unaogopa kinanda au unaogopa Katsepy?"

"Kinanda."

"Feri inaondoka asubuhi," akasema. "Nitakuamsha."

Ndani ya feri niliisema hotuba yangu ya kuomba radhi mara tisa. Ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na aya. Mama mmoja mwenye mbuzi aliisikia yote, akaniambia sehemu ya katikati ni ndefu.

Nilimkuta Jaotombo uani kwake anawamwagia bata pumba. Nywele zimekuwa nyeupe. Uso wake ulikuwa umefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, shavu moja limevimba kama embe. Alinitazama. Bata nao wakanitazama.

"Mashine iko wapi?" akauliza.

"Ilikufa."

"Iliuliwa na nini?"

"Mende."

Akatikisa kichwa polepole, ameridhika. Nikavuta pumzi, nikaanza, "Jaotombo, ndugu yangu, siku ile hotelini..." Akainua mkono ule mpana kama kasia.

"Jino linaniuma. Maneno marefu sitaki."

"Nilitaka tu kukuambia..."

"Sitaki."

Hotuba nzima ikabaki tumboni. Basi nikamwambia yale mengine: kwamba nataka turekodi tena, sisi wawili, Jumapili chache, kwa daktari wa meno.

"Kwa nani?"

"Kwa daktari wa meno. Ametupa chumba chake."

Jaotombo akaweka chini ndoo ya pumba, akaingia ndani, akatoka na gitaa. Ningependa kuwaambia ni mapenzi ya muziki.

Njiani kwenye feri alisema neno moja tu kuhusu kazi. Alinyoosha kidole kwenye mkono wangu wa kushoto. "Huo hautapiga."

"Kabisa?"

"Kabisa. Besi ni yangu."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Albamu nzima nimeipiga kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeukalia. Ukiutoa kidogo tu ukune pua, Jaotombo anaacha kupiga na kungoja, hana hasira, hana haraka, hadi uurudishe.

Daktari alimtazama kinywa Jumapili ya kwanza, akasema jino halitolewi hadi uvimbe ushuke, akampa dawa. Kwa hiyo Jaotombo akakaa kwetu Mangarivotra wiki mbili, Echati anampikia wali wa maji mwepesi, kwa kuwa kingine hakitafuniki. Kila siku nilijaribu kusema yangu. Akiwa anakula, aliinua kijiko: baadaye. Akiwa amemaliza kuswaki, aligeukia ukutani. Siku moja nilimvizia mlango wa choo. Akarudi ndani, akafunga komeo, akakaa humo hadi nikaenda kazini.

Nirina alikuwa binti wa miaka ishirini na mitano, nywele amezifunga kwa waya wa spika, na aliniita Zama, ndivyo kwetu kaskazini anavyoitwa mjomba. Nawaambia vijana, mkipata fundi wa sauti anayewaambia ukweli, mpeni kiti kizuri. Jumapili ya kwanza nilipiga nyimbo tatu nikaona nimepatia. Akavua vifaa vya masikioni.

"Zama, unapiga kama mtu anayeomba radhi."

Nikatazama sakafu. Jaotombo akatazama dari.

"Kila noti inabisha hodi kabla haijaingia," akasema. "Ama uombe hiyo radhi uimalize, ama upige. Vyote viwili kipaza sauti hakivitaki."

"Mwambie yeye, hanipi nafasi," nikasema.

"Mimi ni wa sauti tu," akajibu Nirina. "Ya kwenu myamalize wenyewe. Wimbo wa nne."

Chumba kilikuwa kidogo. Kiti cha mgonjwa kimefungwa sakafuni kwa misumari, hakitoki, na ndicho pekee kilichomtosha Jaotombo. Akakaa humo na besi yake mapajani, taa kubwa usoni, kama anayesubiri kutobolewa. Mimi nikaweka kinanda, kile kile cha dukani sokoni, miguuni pake. Sasa, kinanda kina kanyagio la kurefusha sauti, na kiti cha daktari kina kanyagio lake. Yalikaa jirani. Nami hupiga miguu mitupu.

Tulikuwa katikati ya wimbo wa taratibu kuliko zote, Nirina ametupa ishara kwamba tunakwenda vizuri sana. Nikakanyaga kurefusha noti. Noti haikurefuka. Nikakanyaga zaidi. Nikainua macho, nikamwona Jaotombo anapanda. Anapanda pole pole, kimya, uso wake hauna habari yoyote, vidole vinaendelea mahali pake, noti baada ya noti. Akapanda hadi magoti yakawa mbele ya macho yangu. Ndipo mgongo wa kiti nao ukaanza kulala. Akamaliza wimbo akiwa chali, besi tumboni, anatazama taa.

Nirina alikuwa ameuma mkono wa blauzi yake. "Hiyo tunaichukua," akasema alipoweza kusema. Mkiisikiliza kwa makini, wimbo wa tano, nyuma ya besi kuna mlio mwembamba unaopanda. Watu wanadhani ni filimbi. Ni mota ya kiti.

Jumapili ya tatu uvimbe ukawa umeshuka. Daktari Solofo akaja na gauni lake, akampiga Jaotombo sindano tatu za ganzi, maana alisema taya lile ni la ng'ombe, akang'oa. Ilimchukua muda na mguu mmoja ukutani. Kisha akamjaza pamba, akasema, "Leo hakuna kazi. Apumzike." Wimbo mmoja ulikuwa umebaki. Jaotombo akatikisa kidole, hapana. Akaomba besi yake kwa mkono.

Tukawa tunangoja Nirina apange vipaza sauti. Jaotombo yumo kitini, nusu ya uso imelala, mdomo umening'inia upande, pamba imejaa. Nikamtazama. Nikatambua kwamba mtu huyu sasa hivi hawezi kuniambia "sitaki". Hawezi kusema lolote. Na amefungwa kitambaa cha daktari shingoni, hawezi kuinuka haraka.

Ile hotuba ya feri ilikuwa imekwisha kunitoka kichwani, utangulizi na aya zake. Nikasema yaliyokuwa karibu.

"Jaotombo. Siku ile meneja alipouliza wewe ni wa nini, jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa la maneno manne: bila yeye mimi sipigi. Sikuyasema. Nilitafuta kibonye. Hakukuwa na kibonye, nilikuwa natafuta njia ya kutokukutazama. Ulikunja waya wako, ukaondoka, nikaendelea kupiga. Niliendelea kupiga ile siku hadi wageni wakamaliza kula. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nisamehe."

Alinitazama kwa jicho moja, la pili halikuwa likifunguka vizuri. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akajibu. Alisema sentensi nzima, pengine mbili, ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. Alizisema kwa utaratibu, akipumzika katikati, mate yanamchuruzika kidevuni. Wala sikuelewa hata neno. Ilikuwa "hwa-hwoo-mahwa", na pamba.

"Nini?" nikasema. "Rudia."

Akatikisa kichwa. Akapiga noti ya kwanza ya wimbo, akaikalisha pale inapotakiwa kukaa, nami ikabidi niingie.

Nirina aliniambia baadaye kwamba sikubisha hodi kwenye noti hata moja. Pia aliniambia kipaza sauti kilikuwa wazi muda wote. Alituuliza kama akate yale maneno. Nikamtazama Jaotombo, akainua bega. Tukayaacha. Ndiyo yale mnayoyasikia mwanzo wa wimbo wa mwisho, mimi naongea, halafu yule mtu anayeguna. Na albamu tukaiita *Ganzi*.

Mambo yake yamekwenda hivi. Wagonjwa wa Daktari Solofo wametulia, na mmoja alilala usingizi chumbani akapoteza zamu yake mara mbili. Mtangazaji wa redio Mahajanga alisema mzee Momo amekomaa, amejifunza kuacha nafasi, ule uchache wa noti za chini ni hekima ya umri. Nilimshukuru. Sikumwambia hekima nilikuwa nimeikalia. Tumealikwa Nosy Be mara mbili, chakula cha mchana cha Jumapili, na vijana wa kule, wenye pete za puani, walikuja kuzipiga picha kandambili zilizomo ndani ya kinanda changu.

Na kila mahali swali ni hilo hilo: yule mzee anasema nini? Daktari anasema ni "maji, nipe maji", kwa kuwa ndivyo wote husema baada ya kung'olewa. Nirina ameipunguzia kasi kwenye kompyuta, amesikia neno "bata". Echati ameisikiliza mara moja tu, akafuta macho kwa kanga, akakataa kuniambia alichosikia.

Wiki iliyopita nilipanda feri, nikamkuta uani. Ana jino bandia analoogopa kulimeza, analivaa akipata mgeni, analivua akila. Kwangu hakulivaa. Tukakaa kwenye benchi lake. Nikamwuliza, sasa ganzi imeisha, hakuna pamba, hakuna kipaza sauti: siku ile ulisema nini?

Akaivuta ndoo ya pumba, akawatupia bata kiganja kimoja.

"Wewe unaonaje?" akasema. "Ulisikia nini?"

"Mimi," nikasema, "nilisikia kwamba umenisamehe."

Jaotombo akawatupia bata kilichobaki kwenye ndoo, akakung'uta viganja.

"Basi," akasema, "tuchukue hiyo."